Bluu Juu ya Njano

Jumamosi ile Namkunda Mbwambo alipanda treni ya saa tatu kutoka Moshi, na kufika saa tano na nusu alikuwa ameshateremka Same, amevua viatu mlangoni kwa wazazi wake, amekunywa chai vikombe viwili, na amepiga magoti sebuleni akikagua waya ukutani. Waya hazikuwa na shida yoyote. Alikuja kumbembeleza mama yake akubali baba apasuliwe kichwa, na waya zilikuwa kisingizio cha kuchelewesha maneno.

Ukuta wenyewe ulipakwa rangi hai, ile inayoonyesha picha bila kuhitaji runinga. Juu yake yalielea maduara mawili: la njano lilikuwa la mama, la bluu la baba. Kila mmoja wao alivaa kipajini utepe mwembamba uliosoma mawimbi ya ubongo, na programu ikayageuza mawimbi hayo kuwa mwendo. Mtu akipenda anachosikia, duara lake linang'aa na kusogea katikati. Asipopenda, linafifia na kurudi pembeni. Na maduara yalipopandana, pale katikati, kwenye sehemu yenye umbo la lozi, kilitokea kijani.

Mama yake, jina lake Nakundwa, aliishi kwa ajili ya kijani kile.

Mumewe, Mzee Elisafi, alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini na minne alipanda na kushuka milima ya Upare na vyombo vyake begani, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kuongea sana. Kisha kiharusi kikamnyang'anya hata yale maneno machache. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akikaa kwenye kiti chake dirishani, uso umetulia, macho wazi, na hakuna daktari aliyeweza kusema kwa hakika ni kiasi gani kimebaki ndani.

Namkunda ndiye aliyebuni maduara. Kazi yake ilikuwa kuchora maumbo yanayotembea: vianzio vya taarifa ya habari, matangazo, harusi za watu wenye nafasi. Mama yake aliwaambia majirani, "Mwanangu anachora vitu, halafu vinaondoka vyenyewe." Baba alipougua, Namkunda alimtafuta Sefu Mndeme, fundi wa vifaa vya hospitali, wakakaa miezi minne wakitengeneza kitu cha kumpa mzee sauti. Sasa familia thelathini na sita zilikuwa zinakitumia, na kliniki ya Moshi ilikuwa inaomba vingine.

"Umemaliza kuchokonoa ukuta wangu?" Mama Nakundwa alipita na taulo begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, karani wa posta mstaafu aliyekuwa bado anatembea kana kwamba kuna watu wamepanga foleni wakimsubiri. Utepe wake ulichungulia chini ya kilemba. "Baba yako anaoga. Binti Sabuni leo ana matatizo, anammwagia maji ya baridi."

Binti Sabuni lilikuwa jina alilokipa kiti cha kuogeshea wagonjwa, chenye mikono yake miwili ya mpira. Mama alikuwa akigombana nacho kila siku.

"Nikusaidie, Mama?"

"Kaa hapo hapo. Hii vita ni yangu." Akaenda zake akiimba wimbo wa kwaya, ule wa sauti ya pili aliyokuwa akiiimba kanisani tangu usichana wake.

Ukuta ukageuka kijani.

Namkunda akatabasamu. Duara la bluu lilikuwa limesogea katikati taratibu, likalipanda la njano, na lozi ya kijani ikanenepa kati yao, nzuri, laini, kama jani jipya la mgomba. Alikuwa bado anatabasamu macho yake yaliposhuka kwenye kigoda kando ya kiti cha baba. Juu ya shati lililokunjwa ulilala utepe wa baba. Taa yake ndogo ilikuwa imezima.

Akautazama utepe. Akautazama ukuta. Duara la bluu lilikuwa linacheza.

Mama Nakundwa akarudi mlangoni, mikono imejaa povu, akaona kijani, uso wake ukafunguka kama wa msichana. "Unaona? Hata akiwa bafuni ananisikia. Sauti hii aliipenda tangu zamani, ila hakuwahi kusema."

"Naona, Mama," Namkunda akajibu.

*

Alijifungia katika chumba chake cha zamani, akafungua kompyuta juu ya kitanda, na baada ya nusu saa akampigia Sefu.

"Dada Namkunda, leo Jumamosi," Sefu alisema. Nyuma yake ilisikika mashine ya kunyolea.

"Toka kwa kinyozi. Kuna kitu nataka usikie ukiwa peke yako."

Ilikuwa hivi. Ukichanganya rangi za maji, bluu na njano hutoa kijani, na kila mtoto wa chekechea anajua. Lakini mwanga una tabia nyingine: mwanga wa bluu ukiongezwa kwenye wa njano hutoa weupe. Namkunda aliujaribu weupe ule mwanzoni, mama yake akasema unamkumbusha wodi. Basi akafanya ujanja wa kawaida wa kazi yake. Alinakili duara la njano, akaikata ile nakala kwa umbo la duara la bluu hadi ikabaki lozi peke yake, akaipaka kijani, akaiweka kwenye tabaka la juu. Maduara yakitembea, lozi inatembea nayo. Wenyewe wakikubaliana, kijani kinakolea. Wakipishana, kinapauka. Hapo hakukuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja mfupi, chini kabisa. Mawimbi ya baba yalikuwa yanakatikakatika, na kila yakikatika duara la bluu lilikwama na kurukaruka. Namkunda, ambaye kwa miaka tisa alilipwa ili picha zisikwame, aliandika kwamba mawimbi yakikosekana kwa zaidi ya sekunde moja, programu iazime mwendo kwa duara la jirani mpaka yarudi.

"Jirani," Sefu alisema polepole.

"Jirani ni Mama."

"Na yanakosekana mara ngapi?"

"Nimepitia rekodi za miezi yote. Katika kila saa moja, Baba yupo dakika tatu. Muda mwingine wote ule, duara la bluu ni Mama. Kijani ni Mama. Anaimba, anafurahi kusikia sauti yake mwenyewe inapokelewa, na ukuta unamjibu kwa furaha yake mwenyewe."

Sefu akasema, kwa upole, kama mtu anayemshusha mwenzake ngazi: "Tunaweza kuufuta huo mstari Jumatatu. Tunawaambia watu ni maboresho, kwamba picha itatulia zaidi. Hakuna atakayejua. Mama yako ana miezi kumi ya amani, dada. Nani anaumia?"

"Baba."

"Kivipi?"

"Daktari Mariki ana nafasi ya kumpandikiza nyuzi kichwani, zile zinazoruka sehemu iliyokufa. Katika wagonjwa kumi, sita wanapata maneno. Mmoja haamki tena. Orodha inafungwa Ijumaa, na jina la Baba halimo. Unajua kwa nini halimo? Mama alimuuliza. Akamwambia, Baba Namkunda, twende tukapasuliwe, au tubaki nyumbani? Aliposema tubaki nyumbani, ukuta mzima ukawa kijani."

Sefu alivuta pumzi. "Mama ndiye aliyetaka kubaki nyumbani."

"Mama anaogopa kumpoteza. Ukuta ulimwambia hofu yake ni uamuzi wa mumewe."

*

Saa kumi jioni ilikuwa saa yao. Mama Nakundwa alimsogeza mumewe mbele ya ukuta, akamfunga utepe kipajini na kumnyooshea kola, kisha akaketi karibu naye hivi kwamba magoti yao yaligusana. Alimsimulia habari za siku: mbuzi wa jirani ameingia kwenye maharage, mchungaji mpya anahubiri mpaka watoto wanalala, Binti Sabuni ataripotiwa. Alicheka mwenyewe. Kijani kikacheza.

Namkunda alikaa nyuma yao kwenye mkeka. Alikuwa amejipanga kusema jioni ile ile.

"Unajua baba yako hakuwahi kuniambia ananipenda?" Mama alisema bila kugeuka. "Alikuja kumpimia babu yako mpaka wa shamba. Kazi ya siku moja. Akarudi wiki iliyofuata, eti kuna nguzo hana uhakika nayo. Akarudi tena. Mara ya nne babu yako akamwuliza, kijana, huu mpaka unatembea? Akaniangalia mimi, akaangalia chini, akasema, hapana mzee, nimeshamaliza kupima." Akampangusa mumewe mdomo kwa ncha ya khanga. "Hilo ndilo neno langu la mapenzi, nimelishika miaka arobaini na moja. Sikulalamika. Lakini sasa, Namkunda, kila siku saa kumi ananiambia. Kiharusi kimeniumiza, ila kijani hiki kimenipa neno hilo."

Jioni ile Namkunda alikula, akaosha vyombo, akalala na maneno yake kooni.

*

Aliyasema Jumapili, baada ya ibada, jikoni, mama yake akichambua mchele kwenye ungo. Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja: utepe uliokuwa juu ya shati, mstari mmoja chini kabisa, dakika tatu kati ya sitini. Alisema mstari ule aliuandika yeye na si Sefu.

Mikono ya Mama Nakundwa haikusimama. Iliendelea kusukuma chembe upande mmoja, mawe upande mwingine.

"Umekosea," alisema mwishoni. "Mimi na baba yako tunajuana. Wewe unajua michoro."

"Mama..."

"Nionyeshe, basi. Kama una uhakika hivyo, nionyeshe."

Namkunda alikwenda sebuleni, akamvua baba yake utepe, akampapasa kipaji mahali ulipoacha alama. Mzee alitazama dirishani. Kisha Namkunda akachukua sufuria tupu kutoka rafuni, akaifunga utepe kiunoni, akaiweka kwenye kigoda. Mama Nakundwa alisimama mbele ya ukuta amekunja mikono. Maduara yakaelea, kila moja upande wake.

"Imba," Namkunda alisema. Alijichukia.

Mama aliimba. Mwanzoni kwa ukali, kama anayeshtaki. Ila wimbo ule haukujua kuimbwa kwa hasira. Kufika ubeti wa pili sauti ilikuwa imelainika yenyewe, na duara la bluu likasogea, likalipanda la njano. Lozi ya kijani ikafunguka, kubwa, nzuri, haikupungua hata kidogo.

Wimbo ukakatika.

"Nimekuwa naongea na sufuria," alisema Mama Nakundwa.

"Mama, si hivyo..."

"Ni hivyo." Aliketi kwenye mkono wa kochi, jambo ambalo aliwakataza watu kulifanya maisha yake yote. "Nilimweleza siri zangu. Nilimwomba msamaha wa mambo ya zamani, na akanisamehe. Namkunda, nani alinisamehe?"

Namkunda alipiga magoti amshike mikono, mama akaiondoa, bila nguvu, kama mtu anayesogeza pazia.

"Niache kwanza. Toka nje, uende ukaangalie mbuzi."

Alikaa na mbuzi wa jirani kwa muda wa karibu saa mbili. Jua la Same halina huruma, lakini hakuthubutu kurudi ndani. Alifikiria zile familia thelathini na sita. Kulikuwa na mama mmoja wa Mwanga aliyemtumia picha ya kijani cha mwanawe, ameiweka kwenye fremu. Kulikuwa na mzee wa Himo aliyemwandikia mara moja tu, neno moja: ahsante.

Mlango ukafunguka.

"Njoo huku," Mama Nakundwa aliita. Alikuwa amenawa uso na kufunga kilemba upya. "Huo mstari wako uondoe. Na hicho kijani kiondoe pia. Nataka nimwone yeye alivyo, hata kama ni kidogo."

*

Alivyokuwa ni kidogo kweli. Bila kuazima, duara la bluu lilijikalia pembeni mwa ukuta, limefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Lilitikisika mara moja. Likatulia. La njano lilisogea karibu, likalipanda, na pale yalipopandana hapakutokea chochote cha kutazama, njano ile ile imepauka kidogo tu.

Namkunda alitaka kuzima. Mama alimshika mkono.

"Subiri."

"Mama, hakuna kitu..."

"Nimesema subiri. Unamjua baba yako lakini hujawahi kuolewa naye. Huyu nilikuwa namuuliza asubuhi atakula nini, ananijibu wakati chai imeshapoa." Akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, isiyo na wimbo wala kubembeleza: "Baba Namkunda. Ni mimi. Upo?"

Walisubiri. Saa ya ukutani ilipiga hatua zake. Kumi. Ishirini. Namkunda alihesabu kwa sababu kuhesabu kulimzuia kulia. Thelathini. Kwenye arobaini na moja, duara la bluu lilianza kung'aa kutoka ndani, polepole mno, kama jiko linaloshika moto wa makaa. Lilisogea. Liligusa la njano. Na pale yalipopandana, njano ikapauka, ikapauka zaidi, ikawa nyeupe.

Ilidumu kama pumzi nne. Kisha likarudi pembeni, limechoka.

Mama Nakundwa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Namkunda alishaketi sakafuni na kompyuta mapajani. Programu ilikuwa inamsubiri baba sekunde moja. Sekunde moja! Aliitengeneza kwa kasi ya matangazo, kwa watu wanaojibu kabla swali halijaisha, na kila baba yake alipoanza kujibu, jibu la mkewe lilikuwa limeshamfunika. Badala ya sekunde ile moja na mstari wa kuazima, aliweka kungoja dakika mbili. Alipoyarudia mawimbi ya zamani kwa kipimo kile kipya, alimkuta baba yake siku baada ya siku, amechelewa, anajibu maswali ambayo tayari yalikuwa yamejibiwa.

*

Sefu alifika Jumatatu, nywele zimenyolewa upande mmoja zaidi ya mwingine.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kinyozi wako amefungwa au bado yuko huru?"

Alicheka, kisha akaeleza walichokubaliana na Namkunda kwenye simu. Mzee ataulizwa kwa siku tatu. Maswali yatachanganywa: mengine ambayo majibu yake yanajulikana, jina lake, jina la bintiye, kama Kilimanjaro iko Mbeya, na katikati yake lile moja, kila siku kwa maneno tofauti. Sefu atauliza ameupa ukuta mgongo, asiweze kuona jibu. Alifika hapo akaanza kukohoa.

"Sema," Mama Nakundwa alisema.

"Mama, itabidi uvue utepe wako. Tutaweka duara la njano lisilo la mtu yeyote, limetulia tu. Na wewe... usikae mahali anapoweza kukuona."

Mama Nakundwa aliinua mikono kichwani, akaufungua utepe. Aliutazama kidogo, akamkabidhi Sefu. "Niko jikoni," alisema. "Mkinihitaji msipige kelele. Msimharakishe."

Siku tatu zile nyumba ilikuwa kimya kama ya mtihani. Sefu aliuliza, Namkunda aliandika, na kati ya swali na jibu mlipita muda wa kuweza kumenya ndizi nzima. Mzee alijua jina lake. Alijua jina la bintiye, na bluu ilipokuja kwa jina lile ilikuja upesi kuliko zote, sekunde ishirini na tisa, hata Namkunda akalazimika kutoka nje. Kilimanjaro kuwa Mbeya kulilirudisha duara pembeni kabisa, kwa kasi iliyofanana na dharau.

Jumatatu, Sefu aliuliza: Mzee, unataka kwenda kupasuliwa? Weupe.

Jumanne: Mzee, unataka kubaki nyumbani bila kupasuliwa? Duara lilififia, likarudi nyuma.

Jumatano Namkunda aliomba aulize mwenyewe. Alimwambia baba yake yote. Mmoja katika kumi haamki. Huenda asipate hata neno moja. Mama anaogopa. "Ukijua hayo yote, Baba, bado unataka?"

Ilikuwa sekunde hamsini na nane. Alidhani amechoka, alidhani amelala. Kisha bluu ikaja, na haikuishia kwenye kugusa. Iliipanda njano mpaka katikati na kukaa hapo, na weupe ukajaa ukutani hadi vivuli vyao wenyewe vikaonekana sakafuni.

Mama Nakundwa alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwita, kimya kilikuwa kimerefuka, akashindwa kuvumilia. Alivuka chumba, akasimama mbele ya mumewe.

"Kumbe unataka kwenda," alisema.

Akapiga magoti, akaweka kichwa chake mapajani mwa mumewe, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyejizuia miezi kumi na minne. Sefu akaenda kuangalia mbuzi. Mkono wa kulia wa mzee, ule ambao bado ulikuwa na uhai kidogo, ulianza safari yake kutoka kwenye mkono wa kiti. Ulipofika kwenye kilemba cha mkewe, tayari alikuwa ameshanyamaza.

"Mwambie daktari aandike jina," alisema, uso bado umefichwa. "Na ole wake amharakishe."

*

Wiki ile Namkunda alizipigia simu familia zote, moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe; hakumwachia Sefu hata moja. Baadhi walimshukuru. Mama wa Mwanga alikata simu, hakupokea tena. Mzee wa Himo alimkatiza kabla hajamaliza, akasema mke wake alikuwa amefariki mwezi uliopita, na angeomba, kama inawezekana, kijani alichobaki nacho kisirekebishwe. Namkunda alimwambia ukweli wote hata hivyo, kwa upole alioweza, kisha akamwachia yeye aamue. Hakujua kama alitenda vema. Kazini aliwaambia kliniki wasitoe kifaa kingine mpaka kila mgonjwa apimiwe mwendo wake mwenyewe. Walikasirika, mkataba ukasimama. Alirudi kuchora vianzio vya habari.

Mzee Elisafi alipasuliwa mwezi wa sita. Kwa muda wa saa saba walikaa kwenye benchi la korido, Mama Nakundwa katikati ya Namkunda na Sefu, amewashika wote wawili mikono hadi vidole vyao vikafa ganzi. Mzee aliamka siku ya pili. Wiki ya kwanza hakusema neno, wala ya pili, wala mwezi wa kwanza. Daktari Mariki alianza kuzungumza kwa tahadhari, kama madaktari wanavyofanya wanapotaka kukuandaa.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, mchana, wote wanne mezani, dirisha wazi, hakuna ukuta uliowashwa. Mama Nakundwa alikuwa amepika makande. Mzee alipewa kijiko cha kwanza, akatafuna, akameza. Kisha akakataa kufungua mdomo kwa cha pili.

"Amechoka," Sefu alisema.

"Hajachoka," Mama alisema. "Anatafuta kitu."

Midomo ya mzee ilikutana, ikaachana. Shingo yake ilikaza. Ulimi ulionekana ukijaribu mlango huu, ukijaribu ule.

"Chu," alisema Mzee Elisafi. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama kitasa cha nyumba iliyofungwa muda mrefu. Akapumzika, akajaribu tena. "Chu... mvi."

Kijiko kilimponyoka Mama Nakundwa, kikaangukia kwenye bakuli. Alicheka na kulia kwa pamoja, akipiga meza kwa kiganja, akimwangalia mume wake kana kwamba ndiyo kwanza amekuja kupima mpaka.

"Miaka arobaini na moja na miezi!" alisema. "Unafungua mdomo mara ya kwanza, unalalamikia chakula changu! Haya, sema basi. Imezidi au imepungua?"

Akasogeza kiti karibu, akaweka kiwiko mezani na kidevu kiganjani, akamsubiri.